Picha ni kweli, maelezo je?

Usiku mmoja wa mvua, mwishoni mwa Januari 2025, jirani yangu hapa Nkuhungu alipiga hodi akiwa ameshaingia. Ni mama mtu mzima. Mwanawe ni askari wa Jeshi la Wananchi, na siku zile kijana alikuwa mashariki ya Kongo na kikosi cha SADC. Alinipa simu yake bila salamu. "Baba, hebu niangalizie hii."

Ilikuwa video ya nusu dakika, imeingia kwenye kundi la wasapu la kikoba chao. Usiku, risasi zenye mwanga zinapanda angani, kifaru kinageuka, kitu kinalipuka, kelele. Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: GOMA SASA HIVI, VIJANA WETU WAMEZINGIRWA, TUWAOMBEE. Watu kumi na kitu walikuwa wameshaitikia amina.

Nimekaa vyumba vya habari miaka zaidi ya ishirini, mingi ya hiyo kwenye dawati la picha, na nakiri sikujua nikiangalie kipi. Niliirudia mara tatu. Aliyejua ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa anachungulia begani kwangu na wala hakungoja imalizike. "Mjomba, hii gemu." Akaweka kidole: kifaru kinageuka kwenye udongo mkavu lakini hakitimui vumbi. Moshi wa mlipuko wa kushoto na wa kulia ni uleule, umejirudia hadi ule mkunjo wa juu. Pesa yake ya vocha inaishia kwenye chumba cha gemu kule Chang'ombe, na mimi humgombeza kwa hilo. Siku ile nilinyamaza.

Alikuwa sahihi, wala si jambo jipya. Vipande vya gemu iitwayo Arma 3 vimezungushwa kama vita halisi vya Ukraine na vya Gaza, hadi kampuni ya Kicheki inayoitengeneza ikatoa tamko mwaka 2022 kueleza watu jinsi ya kuvitambua: picha huwa za giza, zinatikisika, watu hawaonekani vizuri. Ni kama mchawi anayetoa mwenyewe orodha ya dawa zake.

Mama alifuta uso kwa ncha ya khanga, akashusha pumzi, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Haya, hii ya uongo. Ya kweli iko wapi?"

Nimeandika makala hii kwa sababu ya swali hilo. Siku hizi semina, mafunzo na matangazo mengi ya redio kuhusu upotoshaji yanatufundisha kukamata picha ya uongo. Ni jambo jema. Lakini ya uongo, kwa uzoefu wangu, ndiyo nyepesi kuliko zote. Mtoto wa kidato cha tatu anaimaliza kwa sekunde kumi. Picha iliyofanya kazi kubwa zaidi ya propaganda katika vita ni ile ya kweli, imepigwa mahali pale pale na siku ile ile, haijaguswa hata kidogo, ila maelezo yake yameandikwa na mwenye haja nayo, au inatupendeza mno kiasi kwamba hatuulizi siku hiyo kulitokea nini kingine.

Nianze na langu, nisije nikaonekana natupa mawe nikiwa juu ya paa. Zamani kidogo, gazeti nililokuwa nafanyia kazi lilihitaji picha ya mapigano ya Kongo na saa ya kupeleka kurasa kiwandani ilikuwa imefika. Nilichukua picha kutoka maktaba: vijana wenye bunduki wanashuka mteremko, nyuma yao vilima na migomba. Nikaandika kapsheni, wapiganaji wa waasi mashariki ya Kongo. Kesho yake saa tatu asubuhi akapiga simu msomaji kutoka Kigoma. Hakuwa na hasira. Alisema tu, kwa Kiswahili cha Kirundi, kwamba ule mlima ni wa kwao, uko juu ya Bujumbura, na kwamba vijana wale hawakuwa waasi bali askari wa serikali. Yaani kwa neno moja nilikuwa nimewahamishia nchi nyingine na upande mwingine wa vita. Masahihisho yalitoka ukurasa wa pili, mistari mitatu, chini ya tangazo la mnada. Maneno "picha ya maktaba" yangeniokoa nusu ya aibu ile. Nusu ya pili hakuna ambacho kingeiokoa.

Kiswahili kina utani wake. Yale maandishi ya chini ya picha tunayaita maelezo, na idara ya serikali inayotoa habari na picha za serikali nayo inaitwa MAELEZO. Sidhani kama aliyeichagulia jina alikusudia, ila aligonga penyewe: picha ni ya mwenye maelezo.

Wanaofundisha historia ya kazi yetu hupenda kuanza na mizinga ya Roger Fenton, Mwingereza aliyekwenda Crimea mwaka 1855 na akarudi na picha mbili za bonde moja, moja ina risasi za mizinga zimetapakaa barabarani na nyingine barabara ni nyeupe, na mpaka leo watu wanabishana aliyezisogeza nani. Au Yevgeny Khaldei, aliyempiga picha askari wa Kisovieti akipandisha bendera juu ya jengo la Reichstag, Berlin, Mei 1945. Askari aliyekuwa chini akimshikilia mwenzake alikuwa amevaa saa mikono yote miwili. Saa mbili maana yake moja imeporwa, na jeshi la ukombozi haliporwi sifa kwa ajili ya saa, basi saa moja ikafutwa kwenye negativu, na moshi ukaongezwa angani. Ni visa vitamu vya darasani. Lakini ni visa vya kugusa picha, na mimi naogopa zaidi picha ambazo hazikuguswa.

Tuchukue ya karibu na sisi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika saa ishirini na nne, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Dunia haikuwa imeona kitu kama kile. Wapigapicha wakubwa walifika kambi ya wakimbizi ya Benaco, akiwemo Sebastião Salgado, na picha zao ni za kweli kabisa: moshi wa kuni asubuhi, blanketi, ndoo, watoto wengi kupita macho. Maelezo yalisema wakimbizi wa Rwanda, na hilo nalo ni kweli. Tatizo liko kwenye kichwa cha msomaji wa London au wa Paris, aliyekuwa amesikia kwamba Rwanda kuna mauaji ya kimbari, akaona picha hii, akaunganisha mwenyewe: hawa ndio wanaouawa. Kumbe wengi waliovuka walikuwa wanakimbia majeshi ya RPF, waasi waliopigana na serikali iliyokuwa inaua, yaliyokuwa yanasonga mbele, na ndani yao walikuwamo wakuu wa vijiji na vijana wa Interahamwe waliotoka kuua. Waliouawa walikuwa ndani, makanisani na kwenye mabwawa ya mafunjo, ambako kamera zilikuwa chache mno. Au walikuwa wanaelea kwenye mto Kagera uleule, chini ya daraja lile lile, wakielekea Ziwa Victoria.

Julai ikaja Goma, kipindupindu, makumi ya maelfu wakafa katika wiki chache, na picha zikajaza kurasa za mbele za dunia nzima. Misaada ikaja kwa wingi. Sehemu ya misaada hiyo iliwalisha wauaji, kwenye kambi walizokuwa wanazitawala wao wenyewe. Wapigapicha wale hawakudanganya, nami siwalaumu hata kidogo. Mtoto anayekufa kwa kipindupindu ana haki ya kuonekana bila kujali baba yake alifanya nini mwezi wa Aprili. Nasema tu kwamba picha ya kweli ilifanya kazi ya propaganda bila mwanapropaganda kugusa kitu.

Kuna mahali mwanapropaganda alikuwepo na alilipwa. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, tarehe 13 Aprili 1968, na wengi wetu tunadhani ni picha za watoto wenye matumbo yaliyovimba zilizomgusa Mwalimu. Kalenda inakataa: picha zile zilianza kufurika kwenye magazeti ya Ulaya baada ya hapo, kuanzia Juni. Nyuma ya mafuriko hayo kulikuwa na ofisi Geneva, ikiitwa Markpress, ya Mmarekani aitwaye William Bernhardt, iliyoajiriwa na serikali ya Biafra kusambaza taarifa na kuwapeleka waandishi ndani ya eneo lililozingirwa. Lagos ikalalamika kwamba hiyo ni propaganda. Ilikuwa propaganda, ndiyo. Na watoto walikuwa wanakufa kweli, kwa sababu Lagos hiyo hiyo ilikuwa imewafungia njia, na kwa sababu Ojukwu, kiongozi wa Biafra, naye alikataa chakula kipite njia ya nchi kavu iliyosimamiwa na adui, akitaka kije kwa ndege. Mtoto yule ana njaa, na njaa yake ina msemaji. Wanaotaka kuchagua moja kati ya hayo mawili huwa nawaona kama watu wanaotaka kula ugali bila kuosha mikono.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani tunalikwepa sisi wenyewe.

Ijulikane kwamba Idi Amin alipenda kamera. Julai 1975, wakati Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Kampala, alibebwa kwenye kiti na Wazungu, na picha ile ikaenea Afrika nzima. Mwalimu alisusia mkutano ule. Lakini muulize mzee yeyote hapa Dodoma aliyekuwa na akili zake mwaka ule, atakwambia aliiona picha na, akiwa mkweli, atakwambia alicheka. Mzungu amembeba Mwafrika! Miaka themanini ya machela na mapagazi imegeuzwa kwa sekunde moja. Picha ilikuwa ya kweli. Ilitupendeza. Na kwa kuwa ilitupendeza, ilituchelewesha kuuliza yaliyokuwa yanafanyika kwenye vyumba vya Idara ya Upelelezi wa Taifa pale Nakasero.

Miaka arobaini baadaye, mwaka 2015, kwenye bohari la shirika la utangazaji la Uganda yalikutwa makasha yenye negativu zipatazo 70,000, kazi ya wapigapicha wa Wizara ya Habari, nyingi zikiwa hazijawahi kusafishwa. Baadhi zilionyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Amin anapiga kodiani, Amin anacheza ngoma, Amin anakagua, Amin anacheka na watoto, wafanyabiashara wanaotuhumiwa kwa magendo wamesimamishwa mbele ya bidhaa zao. Maiti hakuna. Hakuna mahabusu aliyevimba. Hakuna mke anayemtafuta mume getini. Serikali iliyoua watu kwa maelfu imeacha makasha na makasha ya picha, na mauaji hayamo. Anayetaka kuzionyesha leo yuko kwenye mtego: akizitundika ukutani peke yake anarudia kazi ya Wizara, akizifungia anaficha ushahidi kwamba Wizara ilikuwa na kazi.

Na upande wetu? Vita vya Kagera tuliviona kwa masikio. Radio Uganda ilijigamba kwamba jeshi lake limeteka eneo la Kagera kwa dakika 25, kana kwamba ni mbio za mita mia. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu akazungumza na wazee wa Dar es Salaam, na maneno yake matatu, uwezo, sababu na nia, hadi leo yanatolewa hata na makocha wa mpira. Kila nyumba yenye redio ilimsikia. Picha tulizonazo za vita vile, hata hivyo, ni chache: daraja la Kyaka lililovunjwa, wanajeshi wanarudi, maua na vifijo. Waandishi walizuiwa kwenda mstari wa mbele. Tunaambiwa ilikuwa usalama wa jeshi, na sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba kwa miezi kadhaa msimamo rasmi ulikuwa kwamba kuna vita viwili, sisi tunamtoa adui kwenye ardhi yetu na Waganda wenyewe ndio wanaomwondoa Amin. Picha moja tu ya kikosi cha Tanzania katikati ya Masaka ingeuvunja msimamo huo. Na Masaka, Februari 1979, majengo mengi yalilipuliwa na vikosi vyetu kwa hasira ya yale yaliyofanywa Kagera. Kamera ingesema kweli. Ndiyo maana haikutakiwa.

Natarajia barua kwa aya hiyo. Baba yangu mdogo alipigana vita vile na alirudi na mguu mmoja usiokunjika, na najua sababu ilikuwa ya haki. Vita vya haki navyo vina picha zake zilizokatazwa.

Hata picha za ukombozi tunazozipenda zina maelezo yake. Ukitoka hapa kwenda Kongwa, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, utafika mahali palipokuwa na kambi ya wapiganaji kuanzia katikati ya miaka ya 1960: FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA, ZAPU. Picha za harakati zilizotoka kwenye majarida ya siku zile zinaonyesha mpiganaji na bunduki, msituni, macho mbele. Maisha ya Kongwa kwa wengi yalikuwa kulima, kuchota maji, kufanya gwaride na kungoja, mwaka baada ya mwaka, kwenye tambarare kavu ile ile iliyowashinda Waingereza na mradi wao wa karanga. Kungoja hakupigwi picha. Hakuna mhariri anayekupa nafasi ya ukurasa wa mbele kwa mtu anayengoja.

Lakini lililonikaa rohoni kuliko yote liko hapahapa Ugogo, na ni la vita vya zamani zaidi.

Andika kwenye simu yako maneno Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika. Zitakuja picha nzuri, safi, zenye mwanga uliopimwa vizuri: askari wa Kiafrika wamesimama mstari, kofia zina kitambaa cha kufunika shingo, bunduki zimelala begani pembe moja, mbele yao ofisa wa Kijerumani. Nyingi ya hizo ni za mtu mmoja, Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa akipiga picha na kuuza postikadi Dar es Salaam kabla ya vita na ambaye vita vilipoanza 1914 aliyapiga picha majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku. Zinakuja mbele kwa sababu ya kawaida kabisa: hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani inazo, na mwishoni mwa 2008 ilizitoa pamoja na makumi ya maelfu ya nyingine zitumike bure mtandaoni. Mhariri wa Dodoma asiye na bajeti ya picha, kama nilivyokuwa mimi, anachukua cha bure. Mwalimu wa sekondari anachukua cha bure. Basi vita vilivyopiganwa kwenye mashamba ya babu zetu tunavitazama kwa jicho la upande mmoja, tena upande uliovipoteza.

Na picha zile ziliandaliwa zifanye kazi. Ujerumani iliyoshindwa ilihitaji shujaa asiyeshindwa, na ikampata Lettow-Vorbeck, aliyejisalimisha Novemba 1918 kule Abercorn, leo Mbala, baada ya kusikia wenzake Ulaya wameshamaliza. Pamoja naye ikampata "askari mwaminifu", Mwafrika aliyempenda bwana wake mpaka mwisho. Maelfu ya askari hao walikuwa wametoroka njiani. Waliofika Abercorn ni zaidi kidogo ya elfu moja. Aliyetoroka hakusimama tena mbele ya Dobbertin.

Wapagazi nao huonekana, kwa mbali, mstari wa vichwa vyenye mizigo. Upande wa Waingereza peke yake, kwa hesabu zao wenyewe, walikufa wapagazi karibu laki moja, wengi kwa kuhara na njaa, wala si kwa risasi. Tumebakiwa na jina lao sokoni, Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na maneno kwenye sanamu ya Askari pale Posta yanayowaita mikono na miguu ya jeshi. Sanamu yenyewe ni ya askari. Mikono na miguu haikupata sanamu.

Wajerumani walipita Ugogo wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Julai 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Halafu mvua zikagoma. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920 hivi, Wagogo waliiita Mtunya, yaani kinyang'anyiro. Inakadiriwa kati ya watu 150,000 wa Ugogo walikufa kama 30,000. Mmoja kati ya watano. Hesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kisha kunja kimoja.

Bibi mzaa mama alizaliwa baada ya Mtunya na aliizungumza kama aliyeiona. Alisema watu walikula ngozi za kulalia, wakaziloweka kwanza. Alisema kuna nyumba ambayo wageni walikuta sufuria juu ya mafiga, kavu, na wenyewe wamelala kuizunguka. Hakuna picha ya jambo hilo. Mwaka ule ule ambao kwenye simu yangu unaniletea kofia zilizonyooka na bunduki zilizolala pembe moja, kwenye kinywa cha bibi unaniletea ngozi iliyolowekwa. Nimewahi kuhariri ukurasa wa kumbukumbu ya vita vile. Niliweka askari. Sikuwa na kingine, na nilipokosa kingine sikuandika hata kapsheni ya kusema nakosa nini.

Turudi Goma. Siku zile zile za ile video ya gemu, picha moja ya kweli ilizunguka kuliko zote kwenye makundi ninayoyafahamu. Wazungu, mamluki kutoka Romania walioajiriwa upande wa serikali ya Kongo, karibu mia tatu, wamejisalimisha na wanavushwa kwenda Rwanda; katika kipande kimoja cha video msemaji wa jeshi la M23, waasi waliouteka mji, anawafokea kama mwalimu wa zamu na wao wameketi chini. Mimi niliisambaza. Niliisambaza nikicheka, na nikaongeza vikatuni vitatu vya kucheka machozi, na ilikuwa saa nne usiku kabla sijatambua kwamba nimerudia kicheko cha wazee wa mwaka 1975. Waliotuletea picha ile ni washindi wa siku ile. Baada ya hapo walituletea wananchi wanafagia barabara, kisha mkutano wa hadhara uwanjani. Zote za kweli. Umoja wa Mataifa ulikuja kusema miili ya mji ule ilikaribia 3,000. Nitajie picha moja ya miili hiyo iliyozunguka kwa kasi ya wale Waromania.

Mapema Februari Jeshi likatangaza vifo vya askari wetu wawili. Jirani yangu hakulala siku mbili, mpaka alipothibitishiwa kwamba wa kwake si mmoja wao. Mtandao kule ulikuwa unakatika na kurudi. Siku ya tano ikaingia picha kwenye simu yake, kutoka namba ya mwanawe: kijana amevaa fulana ya kijani, ameshika sahani ya wali maharage, dole gumba juu. Chini ameandika, nipo salama mama.

Safari hii hakunipa mimi. Alimpa mpwa wangu. "Mjukuu wangu, angalia vizuri. Hii siyo gemu?"

Kijana akaivuta picha ikubwe, akapita sikioni, akapita kwenye sahani, akapita kwenye kivuli cha hema. "Siyo gemu, bibi. Ni yeye."

"Ya lini?"

Mpwa wangu akanitazama mimi. Picha ikipita wasapu haibaki na tarehe iliyopigwa.

"Mwambie apige," mama akasema, akiirudisha simu kwenye pindo la khanga. "Nataka nimsikie."